Mkono Utapita Wapi? Kupanga Mfuatano wa Kazi Unapounda Ndege ya Kujiundia

Anayenunua RV-7, ndege ya kujiundia, kutoka Van's Aircraft, kampuni iliyoko Aurora katika jimbo la Oregon, Marekani, anapokea makasha ya mbao. Ndani mna mabati ya alumini yaliyokwisha kutobolewa matundu, mbavu za mabawa, mifuko ya riveti na boliti, na rundo la michoro. Makasha yenyewe huja kwa awamu: mkia kwanza, kisha mabawa, kisha bodi, na mwisho kifurushi cha umaliziaji chenye paa la kioo, magurudumu na boneti ya injini. Injini, propela, redio na vipimo vya dashibodi mnunuzi hujitafutia kando.

Kitabu cha maelekezo kinampa mfuatano wa kuunganisha vipande hivyo, na kwa upande wa muundo wenyewe mfuatano huo ufuatwe bila ubishi. Tatizo ni kwamba kitabu kimeandikwa kwa ajili ya kila mnunuzi. Hakijui kama utaweka otopailoti (mtambo unaoiendesha ndege wenyewe), taa zako utazifunga kwenye ncha ya bawa au kwenye ukingo wake wa mbele, antena zako ni ngapi, wala kwamba karakana yako ni gereji ya gari moja. Kazi hizo zote unaziingiza mwenyewe katikati ya kurasa, na hapo ndipo watu wengi hukwama: bati limeshapigwa riveti, waya bado uko kwenye mfuko.

Nimeshika RV-7, ndege ya viti viwili, kwa sababu familia ya RV imerusha ndege zaidi ya 10,000 zilizoundwa na watu binafsi, na matatizo ya mfuatano wake yanajulikana vizuri. Utaratibu huu utakufaa pia ukiwa na Sling ya Afrika Kusini au ndege nyingine yoyote ya mabati.

Hatua ya 1: Soma kitabu chote ukitafuta malango

Kabla ya kushika drili, kaa na kitabu kizima pamoja na michoro, kuanzia mkia hadi boneti. Usisome ili kukariri. Soma ukitafuta kila mahali ambapo kitu kinafungwa na hakifunguki tena kirahisi. Mimi mahali hapo napaita lango. Kwa kila bati jiulize: likishafungwa, ni kitu gani sitakifikia tena kwa mkono, kwa spana au kwa jicho?

Fundi wa nyumba hupitisha paipu za umeme ukutani kabla ya plasta, na hakuna anayehitaji kumkumbusha. Kwenye ndege plasta ni nyingi, na nyingine hazionekani kuwa plasta mpaka siku unapohitaji kupita.

Kwenye RV-7 malango makubwa ni haya: ukuta wa nyuma wa tangi la mafuta, mabati ya chini ya mabawa, sakafu ya bodi, bati la juu la nyuma ya viti, bati la juu la mbele ya dashibodi, siku injini inaponing'inizwa, na siku mabawa yanapofungwa kwenye bodi. Yako madogo mengi katikati, lakini ukiyashika haya saba umeshika uti wa mgongo wa mpango.

Hatua ya 2: Andikia mamlaka kabla ya kuagiza

Hii ni kazi ya karatasi, lakini inaamua mfuatano wa kazi za mikono. Marekani, ndege ya namna hii husajiliwa kama ya majaribio iliyoundwa na mtu binafsi, na sharti kuu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi, ile inayoitwa asilimia 51, iwe imefanywa na watu wasio na lengo la biashara, kwa kujifunza au kujiburudisha. Ushahidi ni daftari lako la kazi na picha. Picha ya ndani ya bawa haiwezi kupigwa baada ya bawa kufungwa, kwa hiyo picha ni kazi ya kila lango, si ya mwisho wa mradi.

Uingereza, wakaguzi wa Light Aircraft Association, chama cha ndege nyepesi, huitwa kwa awamu na kutia saini kabla ya sehemu kufungwa. Marekani, EAA, chama cha waundaji wa ndege kilichoanzishwa mwaka 1953, kina washauri wa ufundi wanaojitolea kuja gerejini kwako kutazama kazi. Waalike wakati ndani bado kunaonekana. Mshauri anayefika baada ya bawa kufungwa atasifu mng'ao wa bati, basi.

Kwa aliye Kenya au Tanzania, barua kwa KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo, itangulie malipo ya kifurushi. Uliza ndege itasajiliwa katika kundi gani, nani atakagua, na ni katika hatua zipi anataka kuiona ikiwa wazi. Majibu hayo ni malango pia, na yanaingia kwenye mpango wako sawa na bati lolote. Kontena likishafika Mombasa au Dar es Salaam ndipo uanze kuuliza, unakuwa umejibana mwenyewe.

Hatua ya 3: Kila kazi iwe na kadi yake

Chukua kadi za karatasi au programu yoyote ya kompyuta inayokubali kuhamisha vipande. Kila kazi ipate kadi moja, na kila kadi ijibu mambo manne: inahitaji nini kiwe kimekwisha, inafunga nini, inasubiri nini (kipuri, mtu wa pili, hali ya hewa, mkaguzi), na inafanyika ndege ikiwa katika hali gani (bawa likiwa kwenye stendi, bodi ikiwa imepinduliwa, ndege ikiwa juu ya magurudumu).

Kadi ya bati la chini la bawa la kushoto, kwa mfano, inaweza kusomeka hivi:

Kabla yake: bawa limepimwa na halina msokoto. Paipu ya waya imepita mbavu zote. Waya wa taa na waya mnene wa kupasha moto mrija wa kupimia kasi umevutwa na umeandikwa majina pande zote mbili. Mrija wenyewe wa hewa umefika shinani mwa bawa na umepulizwa kuona kama unavuja. Kishikizo cha mrija kimefungwa. Kamba ya akiba imebaki ndani ya paipu. Picha zimepigwa. Mshauri ametazama.
Inafunga: nafasi yote kati ya mbavu, isipokuwa sehemu zenye dirisha la ukaguzi.
Inasubiri: mtu wa pili.
Hali: bawa limesimama kwenye stendi.

Ukishaandika kadi za malango yote, zipange kuanzia mwisho. Weka safari ya kwanza upande wa kulia kabisa, uliza ni nini lazima kiwe kimekwisha dakika moja kabla yake, kisha rudi nyuma hivyo hivyo. Ukipanga kutoka mwanzo kwenda mbele unaandika matumaini. Ukipanga kwa kurudi nyuma, kazi zinazogombana hujitokeza zenyewe. Utakutana na kadi mbili ambazo kila moja inataka itangulie nyenzake, na moja ya jozi hizo nitaieleza kwa kirefu hapo mbele.

Tenga pia kadi za siku za kusubiri: kukata waya za mkia, kupaka praima mbavu ndogo, kusaga ncha za faiba. Riveti zikichelewa bandarini unakuwa na la kufanya, na hushawishiki kuruka mbele kufunga kitu ambacho zamu yake haijafika.

Hatua ya 4: Panga kwa kufuata mkono na chuma

Riveti nyingi za RV hupigwa na watu wawili. Mmoja anashika bunduki ya riveti nje kwenye kichwa, mwingine anashika chuma kizito upande wa ndani, na mkia wa riveti unajipondea kwenye chuma hicho. Mkia uliopondwa vizuri hufikia upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha riveti na kimo cha nusu ya kipenyo hicho. Mkono wenye chuma usipofika, au ukifika umepinda, mkia unalala upande, na riveti hiyo itatobolewa na kupigwa upya.

Kwa hiyo mfuatano wa riveti ni mfuatano wa mikono. Kabla ya kufunga bati kwa riveti, lishike kwa kleko, vile vishikizo vya muda vya springi (vya rangi ya fedha kwa matundu ya 3/32 ya inchi, vya shaba kwa 1/8). Kisha chukua chuma chako halisi, ingiza mkono, na gusa nyuma ya kila tundu moja baada ya jingine. Tundu usilolifikia liwekee alama ya kalamu. Hapo unaamua: lipigwe mapema kabla bati jirani halijaja, au utafute chuma chembamba zaidi, au uombe mtu mwenye mkono mwembamba. Riveti za kuvuta kutoka upande mmoja, kama zile zilizojaa kwenye Sling, zinakuondolea shida ya mkono wa ndani, lakini zina hatari yake: unaweza kujifungia peke yako usiku mmoja kitu ambacho hakikuwa tayari.

Kumbuka pia kwamba kila kiungo huunganishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kleko ili kulinganisha na kupanua matundu kwa kipimo kamili. Kisha unabomoa, unaondoa makali ya matundu, unadidimiza midomo yake kwa ajili ya riveti bapa, unapaka praima, ndipo unaunganisha tena kwa riveti. Wasioweka mzunguko huo kwenye kadi hushangaa kwa nini kazi ya jioni moja imekula wiki. Praima ipakwe kwa mafungu makubwa, kwa hiyo ni busara kulinganisha vipande vya sehemu nzima kwanza, kisha vyote vikaingia kwenye rangi pamoja.

Hatua ya 5: Mabawa, na tangi ndani yake

Mabati ya juu hupigwa riveti kwanza, bawa likiwa limesimama kwenye stendi. Bati la chini likishafungwa, bawa limekuwa sanduku, na msokoto wowote uliokuwamo umefungiwa humo kwa maisha yote ya ndege. Pima kwa kamba za timazi kabla ya riveti za juu na tena kabla ya riveti za chini. Kipimo ni cha dakika chache na hakina mbadala.

Bati la chini, nashauri liachwe wazi kwa muda mrefu kadiri unavyoweza kuvumilia kulitazama. Wengine hulifunga ili waseme bawa limekwisha. Bawa lililofunguliwa upande mmoja linakaa kwenye stendi bila shida yoyote huku wewe ukiunda bodi, na katika muda huo utakuwa umeamua kuhusu otopailoti (mota yake ya kulalia upande hufungwa karibu na mikono ya eleroni, vile vibapa vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande), taa na antena. Hata kama huna hela ya otopailoti leo, funga kishikizo chake na uvute waya. Gramu hizo utazisamehe.

Tangi ni habari nyingine. RV-7 hubeba galoni 42 za Marekani katika matangi mawili yaliyo kwenye ukingo wa mbele wa bawa, na kila mshono huzibwa kwa gundi ya mchanganyiko wa sehemu mbili, nyeusi, yenye kunata kila mahali. Gundi hiyo huanza kukauka tangu dakika inapochanganywa, na joto na unyevu huiharakisha. Muda wa kazi ulioandikwa kwenye kopo kwa karakana ya nyuzi 25 hautakuwa huo Tanga mwezi wa Februari. Changanya kidogo kidogo, na mfuatano wa tangi uandikwe kwa dakika: nani anapaka, nani anaweka riveti, nani anapiga.

Kabla ya kufunga ukuta wa nyuma wa tangi, hakikisha mrija wa kupumulia umepita mbavu zote na umefungwa, mrija wa kunyonya mafuta uko mahali pake na kichujio chake kimekazwa, na hakuna hata kipande kimoja cha alumini kilichobaki sakafuni mwa tangi. Mulika kwa tochi. Geuza tangi, litikise, sikiliza. Kisha funga, acha gundi iive, na pima uvujaji: ziba njia zote, funga baluni kwenye mrija wa kupumulia, jaza hewa kidogo, paka maji ya sabuni kwenye mishono. Usitumie pampu ya tairi, itararua tangi. Baluni hupanda na kushuka na joto la chumba, kwa hiyo usihukumu kwa kuitazama asubuhi peke yake. Mapovu ya sabuni ndiyo yanasema. Pima kabla tangi halijaenda kwenye bawa. Tangi hushikwa na skrubu nyingi kwenye boriti kuu, linaweza kutolewa, lakini hutafurahia kulitoa.

Hatua ya 6: Bodi, kuanzia sakafuni kwenda juu

Kanuni ya bodi ni rahisi: fanya kila kinachowezekana ingali iko chini kwenye mbao. Ikishapanda juu ya magurudumu, kila kazi ya ndani inakuwa ya kukwea na kujikunja.

Chini ya sakafu na kwenye njia ya katikati hupita mirija ya mafuta, waya na fimbo ya kuendeshea eleveta (bapa la mkia linalopandisha na kushusha pua), na humo hukaa pampu ya umeme. Vyote viwe vimefungwa, vimelindwa kwa raba pale vinapopita kwenye bati, na vimepimwa kabla sakafu haijashuka. Mabati ya kuimarishia antena za tumboni hupigwa riveti wakati huu pia. Kuyaweka baadaye ni kulala chali na kutoboa juu ya uso wako. Wengi hubadilisha riveti za sakafu ya mizigo kwa skrubu na nati za kurivetiwa ili sakafu ifunguke. Nakubaliana nao kabisa. Lango likigeuzwa kuwa mlango, mpango mzima unapumua. Lakini fanya hivyo tu pale ambapo mtengenezaji ameruhusu, maana baadhi ya mabati yanabeba mzigo wa ndege.

Nyuma ya viti, kabla bati la juu halijafungwa, pitisha mrija wa kupimia shinikizo tuli, kebo za usukani (bapa la mkia linalogeuza pua kushoto na kulia), waya wa taa ya mkia, waya wa mota ndogo ya kurekebisha eleveta, kishikizo cha redio ya dharura na mota ya otopailoti ya upande wa eleveta. Mkia nao uletwe, ulinganishwe, utobolewe, kisha utolewe tena na kuning'inizwa ukutani. Ukiuacha kwenye bodi utagonga ncha zake kila siku ndani ya gereji nyembamba.

Hatua ya 7: Ugomvi wa bati la mbele na paa la kioo

Hapa ndipo mpango wa RV unapopimwa. Bati la juu la mbele linafunika nyuma ya dashibodi, na likishapigwa riveti, mtu anayetaka kugusa plagi ya redio atalala chali kwenye sakafu, kichwa chini ya dashibodi, pedali za usukani zikimbana mabega. Kwa hiyo fundi wa umeme anataka bati hilo lisifungwe kamwe. Lakini paa la kioo hupimwa kwa kufuata bati hilo hilo. Bila bati hakuna umbo la kupimia, na kioo cha mbele kinakaa juu yake na kufungwa kwa faiba inayolamba bati pande zote.

Suluhisho ninalolipendekeza lina vipindi vitatu. Kwanza, bati la mbele lishikwe kwa kleko nyingi, karibu kila tundu la pili, mpaka likae kwenye umbo lake la kweli. Ukiwa na bati hilo la muda, tengeneza fremu ya paa, kata kioo, linganisha kila kitu, toboa. Pili, toa kioo chote, kifunge kwenye blanketi na ukihifadhi mbali na vyombo vya kazi, toa na bati. Sasa sehemu ya mbele iko wazi kama meza: funga dashibodi, vuta waya, washa redio zote, jaribu kila swichi, rekebisha, washa tena. Tatu, baada ya umeme kufanya kazi bila kasoro, bati linapigwa riveti, kioo cha mbele kinarudi, na faiba inafuata.

Aina ya paa, la kuteleza nyuma au la kuinuka kwa mbele, iamuliwe kabla hujaanza sehemu ya mbele ya bodi, kwa sababu bawaba za lile la kuinuka hukaa humo na hubadilisha muundo.

Kioo chenyewe ni plastiki ya akriliki, na akriliki baridi hupasuka. Tundu moja lililotobolewa kwa haraka siku ya baridi linaweza kuzaa ufa unaotembea hadi ukingoni. Kwa Waswahili walioko Minnesota au Toronto, hii ina maana kadi ya kioo inaandikwa "majira ya joto", na kazi nyingine zinapangwa kuizunguka. Mombasa unaweza kukata mwezi wowote. Popote ulipo, tumia ncha ya drili iliyonolewa kwa ajili ya plastiki, pasha chumba joto, na acha kioo chenyewe kipate joto hilo kabla hujakigusa.

Hatua ya 8: Mbele ya ukuta wa moto

Ukuta wa kuzuia moto umejaa vitu: betri, kontakta, vifaa vya breki, njia za mafuta, tundu za kupitishia waya na kebo, sehemu ya kuunganishia ethi. Vyote vipangwe na kutobolewa kabla injini haijakuja, fremu ya kushikia injini ikiwekwa na kutolewa ili kuona kama kifaa hakigongani nayo. Kwenye RV-7 ya gurudumu la nyuma miguu ya mbele hushikwa na fremu hiyo hiyo, kwa hiyo ndege haiwezi kusimama mpaka fremu ifungwe.

Injini inapofika, usiwe na haraka ya kuibana kwenye fremu. Ikiwa ingali inaning'inia kwenye kreni, fanya kazi zote za mgongo wake: viungo vya pampu ya mafuta, kipimo cha shinikizo la oili, kipimo cha joto, njia ya oili ya gavana kama propela yako ni ya kubadilisha pembe. Baada ya kufungwa, nafasi kati ya mgongo huo na ukuta ni ya kupitisha vidole tu. Kebo ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini na ile ya mchanganyiko wa mafuta zipimwe baada ya injini kukaa, ndipo ziagizwe kwa urefu wake.

Kuanzia hapo mfuatano haubadiliki. Injini, kisha propela na kofia yake, kisha boneti, kisha mabati ya kuongoza hewa. Boneti hulinganishwa na kofia ya propela, na mabati ya hewa hukatwa kwa kufuata boneti, yakiacha mwanya wa karibu nusu inchi unaozibwa na raba. Anayekata mabati kwanza atakata mara mbili. Na mpe injini muda wa kuning'inia kabla ya kupima boneti, maana raba zake hushuka kidogo zikizoea uzito.

Hatua ya 9: Nunua kwa mfuatano pia

Mkia uagizwe kwanza, kwa sababu ni kifurushi cha bei nafuu kuliko vingine na kitakuonyesha kama kazi hii unaiweza na unaipenda. Vingine viagizwe kwa kuhesabu muda wa kusubiri kiwandani na baharini.

Redio na skrini za dashibodi zichorwe mapema, zinunuliwe mwisho. Uchoraji wa mapema ndio unaokuambia waya gani zipite kwenye bawa. Ununuzi wa mapema unakula dhamana huku kifaa kikiwa kwenye boksi, na toleo jipya linatoka. Injini vivyo hivyo, lakini kwa sababu nyingine: injini iliyolala bila kuwashwa hushika kutu ndani. Hutoka kiwandani na oili ya kuhifadhi na plagi zenye dawa ya kufyonza unyevu, na dawa hiyo ikibadilika rangi ibadilishwe. Pwani itabadilika mapema.

Hatua ya 10: Tofautisha kilichofungwa na kilichokazwa

Katika miezi ya ujenzi boliti zinaingia na kutoka. Weka kanuni moja isiyo na msamaha: boliti iliyokazwa kwa kipimo cha mwisho ndiyo pekee inayopata mstari wa rangi unaovuka nati na bati. Boliti ya AN3 yenye uzi mwembamba hukazwa kwa pauni-inchi 20 hadi 25, AN4 kwa 50 hadi 70, na kwa nati za kujishika ongeza nguvu inayotumika kuzungusha nati yenyewe kabla haijagusa bati. Boliti za muda zitumie nati za zamani, na nati mpya zibaki kwenye mfuko wao hadi zamu ya mwisho. Siku ya ukaguzi unapita na tochi ukitafuta mstari. Pasipo na mstari, kazi haijaisha, hata kama nati inaonekana imebana.

Hatua ya 11: Uwanjani

Hamia uwanjani ukiwa na kazi chache iwezekanavyo, kwa kuwa kule huna vyombo vyako vyote na kila safari ya kufuata spana moja inakula nusu siku. Mabawa yana upana wa futi 25 ncha hadi ncha, kwa hiyo kwa wengi ni kazi ya huko. Pembe ya bawa na mnyooko wake vipimwe kwanza, ndipo tundu la boriti ya nyuma litobolewe. Boliti yake ni ya 5/16, na kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati lazima kubaki angalau 5/8 ya inchi. Chora ukingo huo kwa kalamu upande usioonekana kabla ya kutoboa, kwa sababu tundu hili halirudiwi. Mirija ya mafuta ya shina la bawa hukunjwa baada ya hapo.

Rangi inaweza kupakwa kabla au baada ya safari za majaribio. Nashauri baada, maana katika kipindi hicho boneti itafunguliwa mara nyingi mno. Ukipaka kabla, eleroni, eleveta na usukani vipimwe mizani upya, kwani uzito wa rangi nyuma ya bawaba unaweza kuleta mtetemo hatari wa kasi. Ndege nayo hupimwa uzito baada ya kila kitu kuwa ndani yake, viti na zulia pamoja.

Jaribio la mtiririko wa mafuta lifanyike kabla ya injini kuwaka: pua ya ndege ikiwa imeinuliwa kwa pembe ya kupaa, pampu itoe angalau asilimia 125 ya mafuta yanayohitajika kwa nguvu zote, au asilimia 150 kama mafuta yanashuka kwa uzito wake tu. Kinga mafuta kwenye ndoo iliyowekwa alama, shika saa, pima tangi moja moja.

Kuwasha injini kuwe karibu na mwisho kabisa. Injini mpya inahitaji nguvu kubwa na hewa nyingi ili pete za pistoni zikae vizuri kwenye silinda. Kuizungusha chini kila jioni kwa ajili ya wageni huzing'arisha silinda kabla pete hazijakaa, na oili italiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo kadi ya kuwasha injini ikae baada ya uzito, baada ya mtiririko wa mafuta, baada ya kila nati kupata mstari, na ikiwezekana baada ya mkaguzi kuona ndege ikiwa imevuliwa boneti na madirisha yote. Iwashe kwa muda mfupi, tafuta uvujaji, izime, ipoe, kaza kinachohitaji kukazwa. Marekani kitakachofuata ni kipindi cha majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40 za kuruka kutegemea kama injini na propela ni jozi iliyoidhinishwa, na saa za mwanzo za kipindi hicho zirushwe kwa nguvu kubwa ili injini imalize kujikalisha.